Mtumiaji Mmoja wa Kilosa

Mikumi, 8 Agosti 1999

Dada Tumwagile,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na Mama na wanafunzi wako. Mimi sijambo, ila malori ya barabara kuu hayatupi usingizi na vumbi lake tunalila na wali. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie dawa ya kuchua nitampa Beda siku ya Ijumaa basi lake likija huko.

Sasa dada, kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Chuo chetu kimeletewa kompyuta ishirini kutoka nje. Ni zile za zamani za 486, zimechoka kwenye ofisi za wenzetu wakaona watupe sisi, na ndani hazina kitu. Wafadhili hawataki kusikia habari za Windows ya kunakili. Wanataka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao ni wa bure na ni mwepesi. Lakini Linux zenyewe ni nyingi, na kila moja ina meneja wake wa vifurushi, yaani ile programu inayoingiza programu nyingine, inayozitunza na kuziondoa. Wanataka ripoti ya maandishi: meneja yupi anafaa kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo, mahali ambapo hakuna intaneti na simu yenyewe ni ya kubahatisha.

Mimi nafundisha asubuhi mpaka jioni, mashine ya kufanyia majaribio sina. Wewe unazo sita hapo parokiani, tena 486 hizo hizo, na una subira ambayo mimi sikuzaliwa nayo. Nifanyie hayo majaribio. Ripoti itakuwa na majina mawili, lako la kwanza. Na katika zile ishirini, nane zitagawiwa vituo vya jirani, nne kati yake zitakuja kwako Kilosa. Mkurugenzi wetu, Bwana Rafaeli, amekubali kwa mdomo wake mwenyewe.

Nijibu upesi, dada.

Mdogo wako,
Bryson

*

Kilosa, 19 Agosti 1999

Mdogo wangu Bryson,

Marahaba. Sisi hatujambo. Dawa imefika, Mama ameipokea, akasema yeye hakuagiza dawa, ameagiza mtoto. Mguu unavimba jioni na asubuhi unarudi. Juzi alikwenda Kimamba kumwona rafiki yake, akakuta mwekezaji ameweka uzio kuzunguka kambi ya mkonge mpaka kwenye nyumba tuliyozaliwa. Karakana aliyofanyia kazi Baba miaka yote ile imeezuliwa mabati.

Kuhusu lako, nimelisoma mara tatu na nimekubali. Nitakueleza kwa nini, usije ukadhani ni kwa kukupenda tu. Unasema nina mashine sita. Sita ni pamoja na mbili zilizokufa. Wanafunzi ni kumi na mmoja kwa mashine nne. Padre Yohana aliniita wiki iliyopita akaniambia, "Mwalimu, kile chumba akina mama wa cherehani wanakitaka. Mimi nitakushikia mpaka Januari. Ukiniletea mashine nyingine, chumba ni chako. Usipoleta, sitakuwa na la kuwaambia."

Nimemwambia mashine nne zinakuja. Nimetumia neno lako, Bryson.

Tangu shirika la umma nililofanyia kazi livunjwe na sisi wapiga chapa tukarudishwa majumbani, hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo mtu ameniomba nifikiri, si ninakili. Kwa hiyo nijibu mambo mawili: CD zinakuja lini, na jina langu litaandikwaje. Naomba liandikwe Tumwagile Lupakisyo, bila kufupishwa.

Dada yako,
Tumwagile

*

Mikumi, 3 Septemba 1999

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, Beda ameshawasha gari. CD ni tano, nimezifunga kwenye kanga ili zisikwaruzike. Meneja ni watatu, majina yao nimeandika juu ya kila moja: installpkg, rpm na apt. Andika kila kitu, hata kile unachoona ni kidogo. Wazungu wanapenda mambo madogo madogo.

Mama nitakuja kumwona mwezi huu au ujao.

Bryson

*

Kilosa, 28 Oktoba 1999

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tumekuwa kwenye msiba wa Mwalimu, Baba wa Taifa, kama nchi nzima. Nilifunga darasa, tukahamishia redio ya Mama ukumbini, watu wakajaa mpaka nje. Mama alilia kuliko siku tuliyomzika baba yetu, kisha akaona haya. Mwezi huu au ujao wako tumeungoja. Naona sasa unakwisha.

Majaribio yanakwenda, ila ujue ninavyoyafanya. Mashine yenye kisomea CD ni moja tu. Kwa hiyo kila nikimaliza kwenye moja, nafungua skrubu, nakitoa kisomea CD, nakibeba kwenda kwenye nyingine, nakifunga upya. Vidole vyangu vimekuwa vya fundi baiskeli.

Installpkg ndiye mwepesi kuliko wote. Haulizi kitu. Anafungua kifurushi, anamwaga vilivyomo ndani ya mashine, amemaliza, na kwa megabaiti nane za kumbukumbu hachoki. Ubaya wake ni kwamba hakuambii kinachokosekana. Niliingiza programu ya kuandikia barua, akaniambia tayari, nikaiita, haikufunguka. Nilihangaika siku mbili kujua kwamba ilikuwa inahitaji kipande kingine ambacho sikukiweka.

Rpm yeye anasema. Ukimpa kifurushi anakataa hapo hapo: lete kwanza hiki. Hilo ni jema. Lakini hakuletei. Unakitafuta kwenye CD, unakipata, unampa, anasema na hiki nacho kinataka kile. Nilianza Jumatatu na programu moja, Alhamisi nilikuwa kwenye kifurushi cha saba. Mwanafunzi wangu mmoja akasema, "Mwalimu, huyu ni karani wa ofisi gani?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka.

Apt nimemwacha wa mwisho.

Hukunijibu kuhusu jina.

Tumwagile

*

Kilosa, 9 Desemba 1999

Bryson,

Sijapata jibu la barua ya Oktoba. Beda anasema alikukabidhi mkononi, kwa hiyo najua unayo. Labda ni mitihani. Mama uvimbe wa mguu umepungua, anafanya kazi zake. Vuli imeanza vibaya, barabara ya kijiji cha Ulaya imekatika mara mbili, nayo barua hii itazungukia Dumila na Morogoro ndipo ije kwako.

Ripoti yenyewe ni hii, kurasa kumi na nne, nimeipiga chapa usiku na mchana na nakala nimebaki nayo. Hapa nakupa kiini chake tu.

Apt ni kama mtu anayekwenda gulioni na orodha kamili. Unamtajia programu moja, yeye anasoma CD, anajua vinavyohitajika vyote, anavileta na kuvipanga kwa zamu. Ile programu iliyonichukua wiki kwa rpm, kwa apt niliandika mstari mmoja. Kasoro yake ni kumbukumbu. Kwenye megabaiti nane anasoma orodha dakika arobaini, diski inakoroma kama mgonjwa. Kwenye kumi na sita anatembea vizuri.

Sasa umeme. Wakati wa majaribio ulikatika mara nne katikati ya kazi. Nimeandika yote bila kuficha, maana ulisema niandike hata madogo. Kwa apt, umeme uliporudi niliandika amri moja, dpkg --configure -a, akaendelea pale alipoachia. Kwa rpm, daftari lake la ndani liliharibika, akawa hajui tena amewahi kuingiza nini. Ilinichukua siku tatu kuigundua dawa yake, nayo iko ukurasa wa tisa. Ukurasa huo usiupoteze. Atakayetumia rpm katika nchi hii ya kukatikakatika umeme atauhitaji.

Ushauri wangu ni apt, kwa CD, na mashine za megabaiti nane ziongezewe kumbukumbu au zipewe installpkg na mtu mvumilivu.

Kazi hii imenifurahisha, mdogo wangu. Sikutegemea kuja kuandika neno hilo kuhusu kazi.

Padre ananiuliza kila Jumapili baada ya misa. Ya jina nangoja bado.

Dada yako

*

Mikumi, 11 Januari 2000

Dada mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Elfu mbili imeingia na kompyuta hazikulipuka kama walivyotutisha. Pole kwa Krismasi, nilibanwa. Chuo kimeniongezea majukumu kidogo, si makubwa, na ilibidi nihudhurie semina Morogoro.

Ripoti ilifika. Dada, wewe ni mashine! Rafaeli ameisoma akasema ni kazi ya kiwango cha juu. Sasa iko kwa wakubwa. Ya mgao wa mashine nayo iko kwa wakubwa, mambo haya yana taratibu zake. Mwambie Padre asubiri kidogo.

Mama anaendeleaje?

Bryson

*

Kilosa, 16 Machi 2000

Bryson,

Mama ni mzima. Masika yameanza, mto Mkondoa umejaa.

Padre alisubiri kidogo. Akasubiri mpaka tarehe tano Februari, kisha akaja na akina mama wa cherehani, akasema, "Mwalimu, nisamehe." Sikuwa na la kumlaumu. Mashine nne nilizibeba kwa mkokoteni, mbili zikaharibika njiani. Mbili zilizobaki ziko sebuleni kwa Mama. Wanafunzi wamebaki watano. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu niliamini na wewe umekwama huko kwa wakubwa, nikaona nisikuongezee mzigo.

Jumamosi iliyopita amekuja msichana anaitwa Costancia. Kwao ni Masanze, ila anasoma chuoni kwenu, yuko likizo. Alisikia kuna mwalimu wa kompyuta mjini, akaomba afanye mazoezi. Nikampa daftari langu la majaribio asome. Akasoma kurasa mbili, akaniangalia.

"Mwalimu, hiki kitabu tunacho chuoni."

Nikamwambia, "Hiki si kitabu, mwanangu. Ni daftari."

"Hapana, tunacho. Kimepigwa chapa, kina jalada la bluu. Hata hii ya mtu anayekwenda gulioni na orodha kamili imo. Mwalimu Bryson hutusomea, tunacheka."

Alikuwa nacho kwenye mkoba. Akanipa.

Nimekisoma usiku ule ule mpaka mwisho. Jalada linasema: kimetayarishwa na Bryson Lupakisyo, Mkufunzi Mkuu. Kumbe hayo ndiyo majukumu kidogo. Ndani ni maneno yangu, mpaka koma zangu. Nilitafuta jina langu kwenye jalada, kwenye shukrani, kwenye ukurasa wa mwisho kabisa. Halipo. Nimejikuta mahali pamoja tu. Ukurasa wa kumi na moja, naitwa mtumiaji mmoja wa Kilosa.

Na mtumiaji huyo amefanya nini? Nanakili: "Mtumiaji mmoja wa Kilosa alikatikiwa na umeme mara nne katika majaribio. Kwa sababu hiyo, Kilosa haipendekezwi kupokea mashine katika awamu hii." Chini yake kuna orodha ya vituo. Sisi hatumo.

Nilikuandikia umeme ulikatika kwa sababu ulikatika. Ningeweza kuficha. Ungenitaka nifiche ili nipate mashine, ningekukatalia, unanijua. Umechukua ule ukweli wangu ndio umenifungia nao mlango. Kana kwamba Mikumi umeme haukatiki.

Halafu mwishoni kitabu kinapendekeza rpm. Kurasa kumi za kumsifu apt kwa maneno yangu, wa kumi na mbili unasema tumieni rpm. Na ule wa tisa niliokuomba usiupoteze haumo.

Sijamwambia Mama. Ameuliza kwa nini taa ya sebuleni haikuzimwa, nikasema nasoma.

Nataka barua moja tu kutoka kwako, na iwe ya kweli.

Tumwagile

*

Mikumi, 9 Aprili 2000

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Habari za Mama sijui niulizeje.

Unataka ukweli. Ripoti yako nilimpelekea Rafaeli na majina yote mawili, nakuapia. Akauliza, "Huyu Tumwagile ana cheti gani?" Nikasema kidato cha nne na cheti cha upigaji chapa. Akasema wafadhili hawawezi kupokea utafiti wa mpiga chapa, niandike jina la mtu wa chuo. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, dada. Nafasi ya Mkufunzi Mkuu ilikuwa juu ya meza hiyo hiyo. Nikasema sawa.

Ya rpm, Rafaeli alikuwa ameshawaambia wafadhili kwamba tutatumia hiyo kabla hata sijakuomba ufanye majaribio. Ripoti yako ikaja kinyume. Nikaigeuza mwisho wake, na ukurasa wa tisa nikautoa kwa sababu ulikuwa unaonyesha udhaifu wake.

Ya Kilosa, walitaka sababu ya kupunguza vituo. Sababu iliyoandikwa ilikuwa moja tu, umeme wako.

Nilidhani hutakuja kukiona. Nilikuwa nimepanga mwaka kesho nikutafutie mashine kwa njia nyingine, nije nazo mwenyewe, nikueleze tukiwa tumekaa.

Sasa nakuomba jambo, najua sistahili. Wiki iliyopita umeme ulikatika wanafunzi wakiwa wanaingiza programu kwenye mashine zote. Nane zimekufa, zinasema hazijui vifurushi vyao, kama ulivyoandika. Nakala ya ukurasa wa tisa sina, niliichana. Wafadhili wanakuja tarehe ishirini na tano. Rafaeli ananiangalia mimi. Niandikie ile dawa, dada, hata mistari miwili. Beda atangoja jibu.

Mdogo wako ambaye anajua alichokifanya,
Bryson

*

Kilosa, 2 Mei 2000

Bryson,

Beda alingoja, nikamwambia aende. Ulitaka jibu kabla ya tarehe ishirini na tano. Nimeacha ipite kwa makusudi.

Usidhani nimewanyima wanafunzi wako. Barua yako niliipata Ijumaa ya tarehe kumi na nne Aprili, na Jumamosi yake nilimwandikia Costancia, kurasa mbili, amri ya kujenga upya daftari la rpm na mambo ya kuangalia kabla ya kuigusa. Nilisaini jina langu kamili na nikaweka anwani. Nilifanya hivyo kwa ajili yao, maana hawakunikosea kitu.

Ameshanijibu. Anasema mashine sita walizifufua kwa siku moja, mbili ikabidi waanze upya. Anasema mgeni mmoja wa wafadhili, mama wa makamo, alizikuta zile kurasa zimebandikwa ukutani, akasoma, akauliza, "Tumwagile Lupakisyo ni nani?" Wewe ulikuwa umesimama karibu na dirisha, ukasema, "Ni dada yangu." Costancia ameandika kwamba ulisema kwa fahari, mpaka wao wenyewe wakajisikia vizuri.

Hilo limeniuma kuliko kitabu. Kitabu nilishakizoea. Lakini ulikuwa na jina langu mdomoni, mtu ameuliza mwenyewe, kitabu kiko pale mezani, ukasimama ukajivunia kuwa ndugu yangu na usiseme lile moja lililobaki. Ingekuwa ni kwa hofu ya Rafaeli ningekuelewa. Rafaeli, anasema Costancia, siku hiyo hakuwepo.

Mgeni yule ameniandikia. Anauliza kama nina maandishi mengine. Nimempelekea daftari lote, na nakala ya ripoti yenye tarehe ya Desemba. Sikuweka maelezo ya zaidi. Anajua kusoma.

Kitakachotokea kwako huko sikijui na sikukiombea. Usiniandikie kuniuliza nimesema nini, nimeshakuambia. Na usimtume Beda na kitu kwa ajili yangu. Kwa Mama unaweza kutuma, mimi sitamzuia kupokea.

Mama ameshajua. Alinisikia nikiisoma barua yako kwa sauti pale uani. Hakulia. Aliniuliza, "Ulimlea vibaya wewe au mimi?" Baadaye akasema nikuandikie kwamba mguu wake umepona, na kwamba mahindi ya shamba la Magole yamebeba vizuri mwaka huu, ukitaka njoo Juni uvune.

Anakusalimu sana. Salamu hizo ni za Mama.

Tumwagile Lupakisyo